Msumeno Ndani ya Ukuta

Ukuta wa kibanda cha kukamulia matufaha ulikuwa umeoza kwa mvua za kisiwa cha Chiloé, na Nolfa Barría alipong'oa ubao mmoja tu, msumeno ukamwangukia miguuni. Ulikuwa mwekundu kwa kutu kutoka ncha hadi mpini. Nolfa, seremala tangu ujana wake, aliukunja kidogo kwa mikono miwili akauachia. Bati la msumeno likarudi limenyooka, likilia kama kengele. Akacheka peke yake.

"Mjomba Abdón! Njoo uone!"

Mzee akaja akijikongoja, kikombe cha chicha, pombe ya matufaha, mkononi. Alipouona, nusura akimwage.

"Mungu wangu, huo ni wa baba! Ndio uliojenga nyumba hii! Tuutundike ukutani juu ya jiko, wageni wauone."

"Msumeno si picha ya mtakatifu, mjomba. Huu utakata mbao."

"Kwa kutu hiyo? Hata siagi itaushinda."

"Na ukikata?"

"Ukikata nitakushikia ubao kama kibarua wako."

Nolfa akafungua skrubu za shaba na kuutoa mpini. Alikwangua kutu kwa wembe alioulaza juu ya bati, kisha akasugua kwa msasa uliolowa mafuta ya taa, taratibu, maana alama ya kiwanda huchorwa juujuu na mkono wenye pupa huifuta. Mchana akaona kwato imechorwa kwenye bati. Akazidi kusugua. Akatokea farasi mzima anayeruka, na chini yake herufi za kiwanda cha ng'ambo.

"Ni wa zamani hasa," alisema. "Tazama kijino hiki cha pambo mgongoni, karibu na ncha. Siku hizi hakuna anayejisumbua kukiweka."

"Si nimekwambia ni wa baba?"

"Wa zamani nimekubali. Wa babu, bado."

"Ubishi huo umeutoa kwa bibi yako!"

Akaubana msumeno kwenye jiliwa, akasawazisha vichwa vya meno, akayanoa kwa tupa moja baada ya jingine. Kisha akayapinda kidogo, hili kushoto, hili kulia, ili bati lisikwame ndani ya mbao. Mpini ulikuwa wa mtufaha. Alipoupaka mafuta ya kitani uling'aa kama mkate uliotoka tanuri, na hapo akaona kwamba kuna mtu aliyeuchonga upya kwa kisu, akipunguza hapa na kuzungusha pale, mpaka ukae mkononi mwake. Nolfa alipoushika, vidole vyake vikaingia kila kimoja mahali pake.

"Lete hapa," Abdón alisema. "Mwenye baba ndiye wa kwanza."

Akaushika. Akaugeuza. Akaushika tena, uso umekunjamana.

"Unanichoma kiganja! Umeuharibu!"

"Sijapunguza hata unywele."

"Basi mbona wewe haukuchomi?"

Nolfa akautazama mkono wa mjomba wake, kisha wake mwenyewe. Yeye ni wa mkono wa kushoto. Shuleni walimcheka mpaka wakachoka.

"Mjomba," aliuliza polepole, "babu alitumia mkono gani?"

"Wa kulia, kama watu wote wenye akili."

"Na bibi Domitila?"

Abdón akakaa juu ya gogo.

"Kushoto," alisema. "Hata supu alikoroga kwa kushoto." Akaugeuza msumeno mikononi. "Baba alikuwa akienda Patagonia kukata manyoya ya kondoo, kiangazi kizima. Sisi watoto tulipelekwa kwa shangazi. Tukirudi, tunakuta chumba kipya. Mama anasema majirani wamesaidia."

"Majirani gani?"

"Ndiyo hayo, mwanangu! Majirani gani, na wote walikuwa Patagonia na baba?"

Akaanza kucheka, kwanza puani, halafu kifua kizima, machozi yakimtoka. Nolfa naye akashindwa kujizuia. Mzee akapiga nguzo ya kibanda kwa kiganja.

"Miaka yote nasifia mikono ya baba! Na mama amekaa pale mezani, anamenya viazi, kimya, msumeno kauficha ukutani!"

"Labda alikuwa anakucheka."

"Alikuwa ananicheka! Sasa naukumbuka uso wake!"

Akainuka, akavua koti, akaenda kuchukua ubao wa mberoshi mwenyewe bila kuombwa. Aliulaza juu ya magogo na kuukandamiza kwa goti.

"Kata, fundi. Kibarua wako yuko tayari."

Nolfa akaanza kwa kuuvuta msumeno nyuma taratibu, kisha akausukuma. Ukaingia kwenye mbao kwa sauti nyororo, unga wa mbao ukamiminika juu ya viatu vya mzee, harufu ya mbao mbichi ikajaa kibandani. Kipande kikaanguka, kimenyooka sawasawa.

"Tena," Abdón alisema.

Jumapili, kanisani, kabla padri hajafika, tayari alikuwa akiwasimulia watu jinsi mama yake alivyojenga nyumba peke yake, na kila aliposimulia aliongeza chumba kimoja. Nolfa, kwenye benchi la nyuma, hakumsahihisha.