Neno la Kabatini

Hospitali ilipotangaza kwamba wafanyakazi wa chumba cha kufulia watapimwa Kiingereza, na atakayeshindwa aende nyumbani, shangazi yangu alicheka.

"Kumbe mashuka nayo siku hizi yanaongea Kizungu?"

Kisha akakaa kitandani, sauti ikamshuka. "Nifundishe, mwanangu. Miaka kumi na tisa nafua pale. Kwa umri huu nitaanzia wapi tena?"

Mtihani ulikuwa imla: msimamizi anasoma sentensi, wao wanaandika. Kilichomtesa ni maneno yanayosikika sawa. Nami, niliyetoka chuo juzi tu, nikajiona fundi. Kila neno nililiandika kwenye karatasi nikalibandika chumbani mwetu: week, la siku saba, mlangoni; weak, la mnyonge, kabatini; hole, la tundu, kwenye ufa wa ukuta; whole, la kitu kizima, juu ya meza.

Kila alipotoka kazini tulisoma. Nikitaja sentensi, anatupa jicho mlangoni au kabatini, anaandika. Baada ya wiki tatu hakosi hata moja.

"Shangazi, kichwa chako sumaku!"

"Wewe ulidhani akili umerithi kwa nani?"

Kwa furaha ile, sikuwahi kumtoa nje ya chumba kile nikamjaribu.

Siku ya mtihani nilisimama dirishani pa ukumbi. Kuta zilikuwa tupu. Msimamizi aliposoma sentensi ya kwanza, shangazi aliinua kichwa, akatazama kushoto, akageukia kulia, akageuka hadi nyuma. Msimamizi akamkemea: "Mama, macho kwenye karatasi yako!" Akainama. Kalamu haikusogea.

Alipotoka alinishika mkono.

"Alisema mgonjwa bado ni mnyonge. Nikajua papo hapo, hilo ni la kabatini. Nikafumba macho, kabati naliona, mpaka kitasa chake nakiona. Lakini ile karatasi uliyoibandika pale, mwanangu, haina kitu."

Majina ya waliofaulu yalipobandikwa, lake halikuwamo. Ijumaa alirudisha sare zake mbili, amezipiga pasi.

Jioni jirani alikuja kumpa pole. Nikiwa ndani, nilimsikia shangazi akimwambia, "Mtoto alinifundisha vizuri sana, dada. Kichwa changu ndicho kigumu."

Nilitaka kutoka niseme si kweli. Nilifika hadi kwenye pazia, nikasimama hapo, mpaka jirani akaaga.