Hesabu ya Bonde la Kathima

Swali lenyewe lilimfanya Celina ateme mate pembeni, kama mtu aliyeuma ndizi akakuta funza ndani.

"Shosho, hii nyumba inalala watu wangapi?" aliuliza yule msichana, akimwita bibi kwa heshima.

Msichana aliitwa Wawira, mtu wa Embu, na alikuwa ametumwa na shirika linaloitwa Mizani ya Mji. Shirika hilo halikuuza kitu wala halikujenga kitu. Kazi yake ilikuwa kuuliza. Liliuliza watu wa mjini Meru, wa Nchiru, na wa vijiji vyote ambavyo mji ulikuwa unavinyemelea, halafu likawaandikia wakubwa wa mji kitabu cha kuwashauri barabara ipite wapi, soko likae wapi, na uchafu ukatupwe wapi. Wawira alifika bonde la Kathima, huku chini ya Nchiru, akiwa na tableti, kofia ya shirika, na viatu vyeupe ambavyo tope lilikuwa limeshavimaliza.

Celina alimkaribisha vizuri. Alimpa kiti chenye mgongo, akamwekea chai ya maziwa na mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa. Alijibu juu ya choo, akajibu juu ya kuni, akajibu juu ya chemchemi iliyo chini ya shamba lake, ambako bonde zima linachota maji. Hata juu ya marehemu mume wake alijibu. Lakini hilo la watu wangapi lilikuwa jambo lingine. Mtu haketi akaanza kuhesabu vichwa vya watoto wake kama mbuzi wa kupelekwa sokoni. Na hata mbuzi wenyewe, mfugaji mwenye adabu hawahesabu kwa mdomo. Ukimtaja mtoto kwa namba, umemwonyesha kwa kile kinachotafuta watoto. Celina alikuwa Mkristo tangu utoto, na padri alikuwa amesema mara nyingi kwamba hayo ni mambo ya giza. Celina alimwitikia padri amina, na bado hakuhesabu.

"Tuko tu," alisema. "Mungu ametujalia."

Wawira akainamisha macho. "Najua, shosho. Hata kwetu ni hivyo. Lakini hii kitu haikubali kwenda mbele bila namba."

"Mimi si niko hapa mbele yako?"

"Uko, shosho."

"Basi iandikie mimi."

Kidole cha Wawira kilining'inia juu ya kioo. Uani wajukuu walikuwa wakifukuzana na jogoo, wengine walikuwa juu ya mparachichi, na jikoni kulikuwa na mwingine analilia uji. Msichana aliwasikia wote. Akaandika moja, akamaliza mukimo wake, akashukuru, akaenda nyumba ya pili.

Kathima nzima ilimjibu hivyo hivyo. Mzee Riungu, jirani wa Celina, alimwambia, "Andika Riungu. Ukitaka, andika kwa herufi kubwa." Maneno hayo aliyarudia kila Jumapili nje ya kanisa mpaka watu wakachoka kuyacheka.

Mvua mbili zikapita, watu wakasahau.

Halafu asubuhi moja ya Jumanne lori likaja, likarudi nyuma mpaka ukingoni mwa bonde, juu kabisa ya chemchemi, likainua mgongo na kutapika. Celina alikuwa anapalilia maharagwe. Kwanza alidhani ni mchanga wa mtu anayejenga. Kisha harufu ikamfikia, ikamwingia mdomoni kabla haijafika puani. Pampas za watoto wasiojulikana, zimefunguka zikionyesha kilichomo. Matumbo ya kuku kutoka hotelini, yamevimba, yanameremeta. Wali uliooza ukawa rangi ya samawati. Nywele za saluni zilizonata kwenye mafuta ya chipsi. Na juu ya hayo yote maji meusi yaliyokuwa yakiteremka polepole, bila haraka yoyote, kuelekea kwenye jiwe ambapo wanawake huweka mitungi. Nzi walitokea kana kwamba walikuwa wamekuja ndani ya lori.

Celina alipanda mteremko na jembe mkononi.

"Wewe! Toa hiyo uchafu!"

Dereva alikuwa anakula andazi. Alikuwa anakula, hapo hapo, huku mguu umekanyaga ukingo wa lile rundo. "Mama, mimi nimetumwa. Nimeambiwa hapa hakuna watu."

"Na mimi ni nini? Ni mgomba?"

"Wewe pengine uko kwa kitabu. Wengine ndio hawako." Akafuta vidole kwenye suruali. "Usinipigie kelele bure. Hii ni ya kujaribu tu. Ijumaa kuna mkutano kwa hoteli kule Meru, wakubwa wa mji wanapitisha kitabu cha wale watafiti. Kikipita, tutakuja lori sita kila siku. Kisipopita, hamtaniona tena."

Siku tatu hizo Celina hakuweza kula. Alichota maji mapema, akayaacha yatulie, akayachemsha, akayachuja kwa kitambaa, na bado alipoyatazama kwenye kikombe aliona yale matumbo. Mjukuu wake Mwendwa, mdogo wa wote, alikunywa shuleni maji ya chupa aliyochotewa na mwenzake pale pale chemchemini, akarudi akitapika.

Siku ya Ijumaa Celina akafunga kitambaa cha kanisa na kumpitia Riungu. "Vaa koti. Tunaenda kumwambia mtu."

Hotelini walikomea kwanza mlangoni. Wawira ndiye aliyekuwa ameketi pale na karatasi ya majina. Alipomwona Celina alisimama haraka hata kiti kikaanguka.

"Shosho."

"Mtoto wangu. Ulikula kwangu."

"Nilikula, shosho." Akashusha sauti. "Nilimwambia mkubwa wetu, daktari. Nilimwambia hizo namba si za kweli, watu wa huku hawahesabiwi kwa mdomo. Akasema yeye anaandika kilichojibiwa."

"Na wewe ukanyamaza."

Wawira aliwaandika wote wawili kwenye karatasi, ingawa hawakualikwa, akawafungulia mlango.

Ndani kulikuwa na meza za vitambaa vyeupe. Watu walikuwa wanakula soseji na mayai, na ukutani kulikuwa na picha kubwa ya bonde la Kathima iliyochukuliwa kutoka juu, kijani tupu, na duara jekundu katikati. Anayezungumza alikuwa Daktari Thuranira, mkubwa wa Mizani ya Mji, mwanaume mrefu mwenye sauti ya upole. Alisema eneo pana la mji linazalisha taka nyingi kuliko zinavyoweza kuzolewa. Alisema utafiti wao umepima mabonde tisa kwa haki. Alisema Kathima ina nyumba themanini na mbili, na kila nyumba, kwa wastani, ina mtu mmoja na kidogo, karibu wote wazee.

"Kwa hiyo," alisema, akichukua kipande cha soseji kwa kijiti, "hapa ndipo watakaoathirika ni wachache zaidi."

Akatafuna. Ukutani, nyuma yake, pakapita picha ya pampas. Wakubwa wa mji wakaitazama wakiendelea kupaka siagi. Nyumbani kwa Celina, ukitaja choo watu wakiwa na chakula mkononi, unaombwa utoke.

"Mtu mmoja na kidogo," Celina alimnong'oneza Riungu. "Hiyo kidogo ni miguu ama ni kichwa?"

Riungu hakucheka. Alikuwa ametambua kinachokuja. "Celina. Usifanye hivyo."

"Ulisikia lori sita?"

"Nimesikia. Tuwaambie tu kwamba tuko wengi."

"Wengi si namba. Hawa wanasikia namba peke yake."

"Una wajukuu, mwanamke! Utawaweka wote mezani hapa, mbele ya watu wanaotafuna?"

Celina akainua mkono. Mwenyekiti akasema mama ana dakika tatu, aongee kwa ufupi. Akasimama. Alijiona kama mtu aliyeambiwa avue nguo hadharani.

"Naitwa Celina, wa Kathima. Huyo msichana wenu aliniuliza kwangu kuna watu wangapi, nikamwambia niko mimi. Nilimdanganya. Kwetu hatuhesabu watu. Nilizaa watoto tisa. Wawili niliwazika. Wanaoishi kwangu ni wanangu watatu na wake wao wawili. Wajukuu..." Hapo akasimama. Riungu alikuwa ameinuka, anaelekea mlangoni na kofia yake, hataki kusikia. "Wajukuu wanaolala kwangu ni kumi na mmoja. Jumlisha na mimi. Andikeni. Mmoja anaitwa Mwendwa, na juzi alitapika kinyesi cha watoto wenu."

Vijiko vilitulia. Mtu mmoja akasukuma sahani yake mbali.

Daktari Thuranira akafuta midomo. Hakuonyesha aibu. Alionyesha furaha, na hiyo ndiyo iliyomchukiza Celina kuliko yote. "Hii ni nzuri sana," alisema. "Hii ndiyo sauti ya mwananchi tunayoitafuta. Mama, baadaye utakubali tukupige picha kidogo, kwa ajili ya kitabu?"

"Piga picha ile lori," alisema Celina, akakaa.

Lakini wakubwa wa mji walikuwa wameshaanza kutazamana. Walisema hawawezi kupitisha kitabu ambacho mwanamke mmoja amekitoboa hivyo mbele ya watu. Wakaamua bonde la Kathima lihesabiwe upya ndani ya wiki mbili, na lori lisimame.

Wawira akarudi, na safari hii Celina alimwongoza nyumba kwa nyumba. Ilikuwa kazi chafu. Wanawake walisema namba wakiwa wamegeukia ukuta. Mmoja alisema, akaenda kusukutua mdomo. Mwingine alimwuliza Celina, "Na wako wakifa?" naye akajibu, "Watakuwa wamekufa kwa mdomo wangu, si wako. Sema." Riungu alikataa siku tatu. Siku ya nne alitoa watoto wote nje, akawapanga ukutani, akamwambia Wawira, "Wewe ndiye una macho. Mimi sisemi kitu," akaingia ndani na kufunga mlango. Ikawa watu mia tano na arobaini kwenye bonde lililoandikwa kuwa na watu wachache.

Kila mjukuu alipokohoa, Celina alishtuka. Mmoja alipata homa, akapona. Mwingine alianguka mtini, akachubuka goti. Alikuwa akiwatazama wakila, namba ile inazunguka kichwani kama nzi, kumi na mmoja, kumi na mmoja, na anaona haya mbele yao, kana kwamba amewauza.

Kathima ikatolewa kwenye orodha ya mabonde ya taka. Kijiko, ile mashine ya kuchimba, kikaja kikazoa lile rundo, kikaacha udongo mweusi. Wanawake walimpelekea Celina ndizi na maziwa, wakaimba kidogo mlangoni.

Wawira alikuja mwenyewe kumpa habari, bila kofia ya shirika.

"Na taka wamepeleka wapi?" aliuliza Celina.

Msichana akachezea kifuniko cha chupa yake. "Bonde linalofuata kwa hesabu. Kirigia."

Celina akaweka chini sahani aliyokuwa anapepeta maharagwe. Kirigia ni ng'ambo ya kilima. Dada yake Marcella aliolewa huko tangu wasichana. "Kirigia wako wangapi kwa hicho kitabu?"

"Mtu mmoja na kidogo, shosho."

"Nani aliwauliza?"

"Mimi."

"Na Marcella alikuambia nini?"

"Alisema nimwandikie yeye." Machozi yalikuwa yamemjaa Wawira. "Nimemwomba daktari tuwahesabu upya wote, mabonde yote tisa. Anasema Kirigia hakuna aliyelalamika. Lori linaanza Jumatatu."

Ndani ya mdomo wa Celina ilirudi ladha ile ile ya siku ya kwanza, na sasa hakujua amtemee nani: daktari na soseji yake, au huyu mtoto aliyeandika akijua, au yeye mwenyewe aliyesafisha kwake kwa kusukuma kinyesi mlangoni kwa dada yake. Kisha akaingia ndani, akabadilisha viatu.

"Leta hicho kioo chako. Twende."

"Sijatumwa, shosho. Watanifuta kazi."

"Basi njoo na macho tu."

Walipofika Kirigia, Marcella alikuwa anakamua ng'ombe. Alifurahi, akapiga kelele za kumkaribisha mdogo wake, akamwuliza ile hadithi ya hotelini ni ya kweli, ati alisema wajukuu wake mbele ya wanaume wanaokula.

"Ni ya kweli."

"Ai! Wewe Celina." Marcella akasogea nyuma, kindoo cha maziwa mkononi, kama mtu anayeogopa kurukiwa na kitu. "Na unakuja kwangu na mdomo huo?"

"Marcella, Jumatatu watawamwagia. Niambie walioko kwako ni wangapi."

"Sisemi."

"Niambie."

"Nenda nyumbani kwako. Wewe umeshapona, nenda." Akaendelea kukamua, ameipa mgongo njia, na maziwa yakawa yanapiga ndooni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Celina hakuenda. Alivuta gogo karibu na zizi, akamwonyesha Wawira akae, naye akakaa. Ng'ombe ataishiwa maziwa. Na baada ya kwa Marcella kulikuwa na nyumba nyingine, na nyingine, mpaka mwisho wa bonde. Akakunja mikono juu ya magoti na kumtazama dada yake mgongoni.

"Kamua tu," alisema. "Nitauliza tena."