Sauti Chini ya Ukumbi wa Sinema

Jengo la zamani la sinema mtaani kwetu, hapa Geita, liliwahi kuwa ghala la pamba, kisha kanisa. Sasa ni chekechea ya Safiya, binti wa mzee Swaleh aliyekuwa akiendesha mashine ya picha. Viti vya watazamaji viling'olewa zamani. Sakafu bado inateremka kuelekea ukuta wa pazia, kwa hiyo mpira ukimponyoka mtoto mlangoni huokotwa ukutani.

Mwezi Februari watoto walianza kusikia watu wakizungumza chini ya ukuta huo. Wazazi wakasema ni wafu wa filamu za kale. Kufikia Ijumaa, kati ya watoto arobaini walibaki kumi na mmoja. Safiya alinijia mimi, mwalimu mstaafu wa sayansi, nisiyeamini hata mvua mpaka nilowe.

"Mwalimu Herman, wazazi wakikusikia wewe watawarudisha watoto. La sivyo Jumatatu nafunga."

Nilitega sikio ukumbini kwa robo saa, kisha nikatangaza uamuzi wangu barazani: ni upepo katika mabati yaliyolegea.

"Upepo gani unaosema 'vuta'?" aliuliza mzee Swaleh. "Miaka ishirini na sita nimesikiliza spika za humu. Hao ni watu."

"Mzee wangu, masikio nayo hustaafu."

Wazazi walicheka. Aliyepiga makofi kuliko wote alikuwa Luka, Baba Eliya, mchimbaji wa dhahabu niliyemfundisha mwenyewe. "Msomi kasema! Au mnataka mganga aje kupima upepo?"

Jumatatu walifika watoto thelathini na wanane. Saa nne, wakiwa uani wanakunywa uji, kilisikika kishindo. Nilikimbilia ndani. Sakafu ya mbele ya ukuta wa pazia haikuwepo, wala viti sita vidogo vilivyokuwa juu yake. Vumbi lilipopungua, mwanga wa tochi ulitokeza shimoni, kisha kichwa. Kilikuwa cha Luka.

Alivitazama viti vilivyosalia.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, kwa mazoea tu.

"Tulipima kina kutoka usawa wa mlango," aliendelea. "Tuliacha mita mbili nzima juu ya vichwa vyetu. Mita mbili, mwalimu!"

"Hujawahi kuingia humu?"

"Mtoto huwa namwacha getini."

Nilimwonyesha kwa mkono jinsi sakafu inavyoteremka kutoka mlangoni hadi alipokuwa. Aliufuata mteremko kwa macho, polepole, akarudia tena.

"Eliya hukaa wapi?"

Nilimwonyesha shimo.

Safiya alikuwa uani akiwahesabu watoto kwa sauti, mara ya tatu sasa, wote walikuwepo. Wazazi walifika mbio. Nilisimama barazani, pale pale niliposimama Ijumaa, kisha nikampisha mzee Swaleh. Yeye akawaambia waje mlangoni mmoja mmoja, wasivuke kizingiti, watazame.