Mnadi na Mashine Mbili za Pumzi

Watu walimwita Mara-ya-Tatu. Miaka arobaini alisimama juu ya sanduku kwenye uwanja wa mnada, akinadi makabati na vitanda vya watu waliohama au waliokufa, na hakuna aliyeijua "mara ya kwanza, mara ya pili" kama yeye. Inasemekana aliwahi kunadi ngazi kwa pumzi moja, tangu mteja wa kwanza aliponyoosha mkono mpaka wa mwisho alipokwenda kunywa chai, akarudi, akapandisha bei. Aliyesema hivyo ni yeye mwenyewe, lakini hata ukikata nusu, bado inabaki pumzi ya haja.

Pumzi hiyo ndiyo iliyomkimbia. Mapafu yamechoka, daktari alisema. Mchana kutwa awe na mrija wa oksijeni puani. Mashine akachague mwenyewe. Akaenda dukani akipumzika kila baada ya nguzo mbili za umeme.

Muuzaji alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akambana kidole kwa kale kadude kanakosoma oksijeni ya damu, kisha akamwonyesha mashine mbili.

"Hii kubwa inachomekwa ukutani," alisema, akigonga sanduku lenye magurudumu. "Inavuta hewa ya chumbani, inaichuja, inakupa mfululizo, utake usitake. Ila mrija wake ni mita saba. Zaidi ya hapo huendi. Hii ndogo ina betri, unaivaa begani, unakwenda nayo popote. Lakini yenyewe hutoa kidogo kidogo. Ukivuta kwa pua, inakupa. Usipovuta, inanyamaza."

"Hiyo ndogo ndiyo yangu. Nivalishe."

Akamvalisha, na mzee akaanza kumsimulia habari za kabati lililonadiwa huku mwenye nalo akiwa amelala ndani. Muuzaji alicheka mara mbili, kisha akaacha kucheka, akatazama kidole.

"Baba, nyamaza kwanza. Oksijeni ilikuwa tisini na mbili, sasa themanini na nne. Mashine haijatoa kitu tangu uanze hilo kabati."

"Basi mbovu."

"Si mbovu. Unavuta kwa mdomo."

Alikuwa amemshika pabaya. Mnadi havuti kwa pua. Pua ni ya watu wenye nafasi. Mnadi huiba hewa kwa pembe ya mdomo katikati ya neno, asiache pengo, maana kwenye pengo mteja hufikiri, na mteja akifikiri huenda zake nyumbani.

Wakajaribu ile kubwa. Alisimulia kabati zima, namba ikakaa tisini na tatu, haikutikisika.

"Hii haijali unavyovuta," muuzaji alisema. "Nyumbani mko wangapi?"

"Nyumba imejaa, mwanangu. Wajukuu, majirani, wageni wa wageni. Juzi mmoja alilala bafuni kwa kukosa nafasi. Tulipomwamsha akauliza kama kuna foleni."

"Basi maneno yamekwisha. Chukua kubwa. Watu wanakufuata, unawasimulia umekaa kitini. Kuzurura kwa nini?" Akavuta fomu, akaanza kuandika.

Mzee alitazama kalamu ikienda. Mita saba. Aliipima nyumba yake kichwani: kutoka kwenye soketi ya chumbani, kupita meza yenye viti vinne, vitatu vimesukumwa ndani tangu mkewe alipofariki, mrija unaisha hatua mbili kabla ya mlango. Ndani ya mita hizo angeweza kusema mpaka jioni bila kukauka. Kwa ukuta. Binti yake alipiga simu Jumapili, "umekula, umekunywa dawa, haya baba," na kabla kabati halijafunguliwa, simu imekatwa.

"Nani ataosha chujio kila wiki?" muuzaji aliuliza. "Nipe jina la mmoja wa hao wajukuu."

Jina lilikuwepo ulimini, na umri wake, na tabia zake. Akalimeza.

"Andika mimi."

"Na usipojiweza?"

"Hakuna mwingine. Bafuni hamna mtu. Naoga mlango wazi."

Muuzaji hakumpa pole. Aliweka kalamu chini, akachukua ile ndogo, akamvika tena.

"Basi ujifunze pua. Sema sentensi moja, funga mdomo, vuta. Haya, kabati."

"Kabati lilikuwa na milango miwili."

Akafunga mdomo. Mashine ikafanya *pss*. Kimya kikatanda, na mnadi mzima akaona aibu kama aliyesimama sokoni bila nguo.

"Halafu?" muuzaji akasema.

Mzee akamtazama. Miaka arobaini hakuwahi kumwachia mtu nafasi ya kusema neno hilo.

"Mmoja haukufunguka." *Pss.*

"Halafu?"

Namba ikasimama tisini na moja. Kabati lilipofika kwa mnunuzi, mteja mwingine aliingia na karatasi ya daktari, muuzaji akainuka. "Mwisho wake utakuja kunimalizia," alisema. Mzee aliyajua maneno hayo. Ndiyo ya kumtolea mteja mlangoni. Yeye mwenyewe aliyatumia sana.

Alitoka na mashine begani. Hatua chache mbele, fundi viatu anayemjua tangu enzi za uwanja aliinua macho kwenye kazi yake.

"Mara-ya-Tatu! Siku hizi unabeba mkoba wa mama?"

Jibu lilikuwepo, kali, la kumwangusha kigodani. Akafunga mdomo, akavuta. *Pss.* Alipokuwa tayari, fundi alikuwa ameshainama, misumari midomoni, nyundo inagonga soli.

Zamani angepiga kelele juu ya nyundo. Safari hii alivuta kigoda cha wateja, akakaa, akavuta pumzi nyingine kwa pua, akasubiri fundi ainue kichwa.