Nyuzi za Wakurugenzi Huru

Puan Salbiah, katibu wa kampuni ya glavu za mpira mjini Ipoh, alipanga mafaili sita mezani, kando ya kila moja karipap mbili za moto, sambusa za viazi, na chai ya maziwa. Ndani ya kila faili mlikuwa na kumbukumbu za mkutano ambao haujafanyika. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kumi na tisa: mwenyekiti, Tan Sri Megat, aliamua nyumbani kwake, Salbiah akapiga chapa, kisha wakurugenzi wakaja kukubali kwa kauli moja. Safari hii wangekubali kampuni inunue kinamasi cha shemeji wa Tan Sri.

Asubuhi hiyo ndipo kanuni za kimataifa za uongozi wa kampuni zilipoanza kutumika. Saa tatu na dakika tano, nyuzi nyekundu zilichomoza katika mikono ya mashati ya wakurugenzi watano walioitwa huru, yaani wasiofungamana na mwenyekiti, zikatambaa mezani, zikajifunga kwenye pete ya Tan Sri. Mmoja wao, Encik Looi, aliuinua uzi wake usilowe chai.

“Wako mnene, Looi,” mkurugenzi mwenzake, Dato’ Bahaman, alimtania.

“Miaka kumi na tatu ya gofu na Tan Sri, unacheza? Wako wewe una fundo.”

“Hilo la harusi ya binti yangu. Ukumbi alitoa nani?”

Tan Sri aligonga meza. “Jamani, tupitishe. Puan, tia saini.”

Salbiah alifunga kalamu yake. “Siwezi, Tan Sri. Kumbukumbu hazijataja nyuzi.”

“Ah, Puan nawe! Nyuzi si kazi ya fundi cherehani?”

“Kanuni inataka kila uhusiano utajwe. Bila nyuzi, hakuna saini. Kama haiwezekani, Tan Sri atafute katibu mwingine leo hii.”

Salbiah alikuwa mjane, na kazi nyingine hakuwa nayo. Tan Sri aliitazama pete, akaitazama saa.

“Haya. Ziandike.”

Salbiah aliandika kwa mkono wake, mkutano ukiendelea, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe: uzi wa nani, unene wake, fundo lake. Wakurugenzi walimsubiri wakila. Alipomaliza, Tan Sri aliinua mkono wenye pete, na mikono mitano ikainuka pamoja nao. Kinamasi kikanunuliwa.

Miezi minne baadaye, kampuni ilitunukiwa ngao ya uwazi jijini Kuala Lumpur. Wakaguzi walikiri kwamba hawajapata kuona uhusiano uliotajwa kwa ukamilifu ule. Aliyeitwa kuipokea ni Salbiah. Alipita katikati ya meza, sketi yake ya songket yenye zari ameiinua vidole vitatu, akivuka uzi baada ya uzi uliotanda kati ya wageni, na hakuna hata mmoja uliomgusa. Ukumbi mzima ulisimama. Tan Sri alipiga makofi kuliko wote, na kila alipopiga, mikono ya watano wale ilipiga naye.

Kule kinamasini, vibao vitatu vya kampuni vilikuwa vimekwisha kusimikwa. Viwili vilikuwa vimekwisha kuzama.