Lori la Mzee Fadul na Mafuta ya Kukaangia

Lori la Mzee Fadul lilikuwa halina adabu. Kila alfajiri lilinguruma uani pale Lindi, Kibera, likakohoa mara tatu, kisha likatapika moshi mweusi moja kwa moja kwenye mlango wa Caren. Si kwamba lilimchukia. Ua ulikuwa mdogo, na mlango wake ndio uliotazamana na bomba la moshi.

Caren alikuwa amepanga chumba hicho miaka sita. Mbele ya ua, kando ya njia, alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki wa mbuta inayobakia watu wa Kibera baada ya minofu kupanda ndege kwenda Ulaya, na wateja wake hawakuhitaji kuelekezwa. Lakini bintiye Whitney, mwenye miaka saba, alikuwa na kifua kibovu. Mwezi wa Machi, mwaka wa tisini na sita, daktari alisema wazi: mtoto huyu atoke kwenye moshi, la sivyo baridi ya Julai itamweka pabaya. Jiko la chumbani Caren alilitoa nje siku hiyo hiyo. Lori hakuweza kulitoa. Ilibaki ahame yeye, na kuhama ni kuacha wateja wa miaka sita akaanze kujulikana upya. Mtoto angekula nini wakati huo?

Alimweleza Mzee Fadul, mwenye ploti, kwa heshima zote. Mzee naye alimsikiliza kwa heshima, akamkaribisha chai, kisha akasema lori ndilo linalolisha nyumba yake, na likilala barabarani litaamka halina magurudumu. Hakuwa anadanganya. Ndiyo maana Caren alirudi chumbani na hasira isiyokuwa na pa kwenda.

Aliyeleta njia ni Khamala, fundi wa injini kutoka Kawangware 56, aliyekuja kulitazama lori akaona atazame tumbo lake mwenyewe kwanza. Akiwa anafyonza kichwa cha samaki, alimwona Caren akimwaga mafuta yaliyoungua mtaroni.

"Mathe, mbona unamwaga hiyo?" akauliza. "Injini ya dizeli inaweza kula hiyo mafuta. Ichujwe tu poa, maji isiingie."

"Wacha zako, fundi."

"Haki ya nani. Dizeli haichagui chakula."

Mzee Fadul alicheka mpaka akapangusa macho, lakini dizeli ilikuwa imepanda tena, akakubali kujaribu. Caren akawazungukia wakaangaji wenzake kutoka Lindi mpaka kijiji cha Raila, akakusanya mafuta yaliyokwisha kazi, akayachuja kwa blanketi kuukuu lililokunjwa mara nne. Aprili lori likanguruma kwa mafuta hayo. Moshi haukwisha, asikudanganye mtu. Ulikuwa mwembamba, wa kijivu, nao ulinuka samaki hata wajenzi waliopelekewa kokoto kule Kawangware wakawa wanauliza sahani ziko wapi. Lakini ule mweusi wa kukata pumzi ulikuwa umekwenda zake. Whitney alilala usiku mzima bila filimbi kifuani, na Caren akalia kwa furaha, peke yake, asionekane.

Basi akanogewa. Lori lilikula kuliko alivyokusanya, kwa hiyo Juni akaanza kupokea na mafuta ya akina mama wa mandazi. Wale hukaangia mafuta meupe ya kuganda, yale yanayopimwa dukani kwa kijiko. Caren aliyachukua kwao yakiwa bado moto, yameyeyuka, akayachanganya na mengine yote. Mwanamke anayekwangua sufuria kila asubuhi ya baridi, akasahau kwamba mafuta huganda! Haraka haraka haina baraka, na yeye alikuwa na haraka ya mama.

Jumatatu moja ya Julai lori lilizimika Kawangware katikati ya barabara, limejaa kokoto, matatu zikilipigia honi na makanga wakilitukana mpaka ukoo wake. Khamala alipofungua mpira wa mafuta aliukuta umejaa tiki mafuta yaliyoganda, mweupe kote ndani.

"Mama Whitney, tumejaribu, imekataa," Mzee Fadul alisema jioni hiyo. Kesho yake alitia dizeli. Siku ya tatu Whitney alikuwa ameketi kitandani, mabega juu, akiitafuta pumzi, na Caren akaanza kufunga vyombo vyake kwa shuka.

Aliacha sufuria moja tu nje, ya kupikia chai. Ilikuwa na mafuta yaliyoganda pembeni. Akaiweka motoni, akayatazama yakiyeyuka, na akajiona mjinga. Hakunywa hiyo chai. Alimwacha mtoto kwa mke wa Mzee Fadul, Mama Bakhita, akatembea mpaka Kawangware.

"Fundi, hii kitu mimi huiamsha na moto kila asubuhi," alimwambia Khamala. "Kwani lori haina moto?"

"Iko nayo mob, mpaka inabaki. Maji ya rejeta huchemka." Khamala alifikiri kidogo. "Naweza pitisha paipu ya mafuta hapo ndani. Lakini asubuhi, kabla ipate joto?"

"Asubuhi niachie mimi."

Mzee Fadul alikubali kujaribu kwa mara ya mwisho. Tangu siku hiyo Caren aliamka, akawasha jiko, akapasha mafuta yaliyochujwa, na mzee akayamimina yakiwa moto kwenye kitangi kidogo ambacho Khamala alikifunga karibu na injini. Lori likaondoka bila tone la dizeli. Vyombo vikafunguliwa.

Septemba mafuta machafu yalipungua. Alasiri moja Mzee Fadul alikuja na dumu zima la mafuta mapya ya kupikia, bado lina karatasi ya duka.

"Nina kazi ya kokoto kesho," alisema. "Wewe yapashe tu."

Caren aliweka mwiko chini. Alijua akikataa, kesho kuna dizeli, na kuna kifua cha mtoto wake.

"Hapana, mzee. Hii ni ya sufuria. Wenye malori wakianza kununua chakula, sisi tutakaanga na nini? Na ile chafu itarudi kwa mtaro. Heri uniambie nihame."

Mzee Fadul alilitazama dumu, akautazama na mtaro. Kisha akalisukuma dumu kwa mguu mpaka kando ya jiko.

"Yakikaangia samaki leo mpaka jioni, kesho si yatakuwa machafu?"

"Yakikaangia wengi sana."

Mzee alivuta stuli, akaketi. "Basi anza na mimi. Nataka wawili. Bakhita mwanangu! Waite wapangaji wote."

Kufikia magharibi ua mzima ulikuwa unakula samaki, na Whitney alikuwa akikimbia na sahani kutoka jikoni mpaka uani, na hakuna aliyemwambia apunguze mbio.