Katuni ya Kijapani Iliyosifiwa na Thadeus

Mimi ni Nyangau, mwana wa Ombui, aliyeamua kesi za mipaka Ekerenyo bila kuonja pombe ya upande wowote. Ombui naye ni mwana wa Okemwa, ambaye watu walinyamaza aliposimama barazani. Nawataja wazee hao ili ijulikane kwamba mjukuu wangu Bonareri hawezi kuolewa na mtu asiyejua heshima.

Mwaka wa 1975 mwalimu mmoja, Thadeus, alikuja kumposa. Wanangu waliniachia neno la mwisho. Kijana huyo, badala ya kunieleza habari za ukoo wake, alinieleza habari za katuni.

"Babu, ni picha za kuchorwa kutoka Japani," alisema. "Niliiona Nairobi. Jaffer mwenye sinema ataionyesha ukumbini Kisii Jumapili. Nusu ya pili ndiyo tamu zaidi."

"Tutaenda," nilimjibu. "Nitaipima hiyo katuni, nawe nitakupima."

Ukumbini nilichagua benchi la nyuma. Taa zilipozimwa, nilimwita Bonareri aliyekuwa ameketi mbele kando ya Thadeus.

"Mke wangu, njoo ukae na mume wako wa kwanza."

Alihamia kwangu akicheka. Thadeus, macho yakiwa ukutani, hakuona lolote. Mvua ilikuwa imemchelewesha Nyanchera, mama yake Bonareri. Alipoingia alipapasa gizani akaketi mahali palipobaki wazi.

Katuni ilimhusu kijana mwenye macho makubwa kama sahani, aliyekwenda milimani kutafuta mchumba. Nywele zake zilikuwa na rangi ya majani ya chai, wala hakuna mzazi aliyemwuliza sababu. Alilia akifurahi, akalia akikasirika. Midomo yake iliendelea kuchezacheza hata maneno yalipokwisha. Kisha, bila haya, aliketi na mama mkwe wake, akala naye bakuli moja huku akimkodolea macho.

Kwetu, mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hupishana hata njiani.

Jaffer aliwasha taa ili abadilishe filamu. Thadeus alionekana ameinama, mdomo karibu na sikio la Nyanchera, akimfasiria Kijapani kwa sauti ya mapenzi. Maskini mama alikuwa amejifunika leso uso mzima, kama aliyefiwa.

Ukumbi ulicheka. Thadeus alisimama, akainamisha kichwa, akatoka nje mvuani. Hakurudi.

Sinema ilipokwisha tulimkuta nje kando ya ukuta, ameloa chapachapa.

"Babu, nimeharibu," alisema.

"Umeharibu sana. Yule wa katuni angeomba aongezewe mchuzi. Nani alikuambia utoke?"

"Hakuna."

"Na nusu ile tamu?"

"Ningeitazamaje, naye mama mkwe yumo ndani?"

Nilimwacha atetemeke kidogo, kwa faida yake.

"Nenda ukabadilishe nguo. Kisha ulete wazee wako, waanze kwa kumwomba radhi Nyanchera. Binti utapewa."

Bonareri alinishika mkono. "Na katuni, Babu?"

"Inatazamika, ila usiende na wakwe. Yule mwenye nywele za majani, katika nusu ile tamu, alipata mke kwa kupigana na upepo. Wako amekupata kwa kunyeshewa, na hiyo ni kazi zaidi."

Basi ninyi vijana mnaoleta sifa za kila kinachomulikwa ukutani, nisikilizeni: kabla ya kufungua mdomo gizani, geuzeni shingo mjue mmeketi na nani.